Je, Wajua? Sokwe ana jamaa kwenye mizizi ya maharage

Panda kilima chochote cha Mutoyi, kule Bugendana mkoani Gitega, wakati maharage yanatoa maua, na chini ya nyayo zako watakuwapo viumbe wasiohesabika. Kisha elekeza macho kaskazini-magharibi, upande wa msitu wa Kibira. Huko yupo kiumbe ambaye Burundi nzima imebakiwa na mia chache tu. Wa kwanza ni rizobia, bakteria wa udongoni. Wa pili ni sokwe. Kuwapima kwenye mzani mmoja kunachekesha, lakini hebu tuone mzani unasema nini.

Chungu kimoja, kizazi kimoja

Rizobia aliyeshiba hujigawa kuwa wawili kila baada ya saa mbili hadi nne, muda uleule ambao chungu cha maharage makavu hukaa mafigani kabla hayajalainika. Sokwe jike hubeba mimba miezi minane, hunyonyesha, hubeba mgongoni, hulea. Huko Gombe, kusini kidogo ya mpaka wa Burundi na Tanzania, hupita miaka mitano au sita kabla hajazaa tena.

Tupige hesabu. Kati ya mtoto mmoja wa sokwe na mdogo wake, rizobia mwenye chakula tele aweza kupitisha zaidi ya vizazi 10,000. Kwa binadamu, vizazi 10,000 ni kama miaka 250,000, karibu umri wote wa jamii yetu hapa duniani! Ndiyo maana mtego mmoja wa waya ukimnasa sokwe mama ni hasara ambayo msitu hautailipa kwa miaka mingi, ilhali bakteria waliopungua wakati wa kiangazi hujaa tena mvua zikirudi.

Maharage yana kitu cha damu

Ng'oa mche wa maharage wenye maua, osha mizizi, utaona vinundu vidogo vilivyojibandika humo. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani ni chekundu.

Wekundu huo unatokana na protini ambayo Mjapani Hideo Kubo aliitambua mwaka 1939 kuwa ni ya ukoo wa hemoglobini, ileile inayoipa damu yako rangi. Mmea una kazi nayo. Bakteria aliye ndani ya kinundu anahitaji oksijeni ili apumue, lakini kimeng'enya chake cha kutengeneza mbolea huharibika kikiguswa na oksijeni hiyohiyo. Basi protini nyekundu inashika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, ya kutosha kupumua na isiyotosha kuharibu. Mapafu ya nini, kama mzizi unajua hesabu hiyo?

Sasa mgeukie sokwe. Minyororo ya hemoglobini yake, ukiisoma kiungo kwa kiungo, ni sawa kabisa na ya binadamu mzima mwenye afya, hakuna kiungo hata kimoja kilichokosea mahali. Kwa hiyo kuna wekundu wa aina moja unaozunguka mwilini mwako na mwilini mwa sokwe wa Kibira, na binamu wa mbali wa wekundu huo anafanya kazi kwenye shamba la maharage. Mkulima naye apata kipimo cha bure: kinundu chekundu kinafanya kazi, cheupe au cha kijani hakifanyi.

Tani 60,000 juu ya kichwa chako

Juu ya kila hekta ya Mutoyi imesimama hewa yenye takriban tani 60,000 za naitrojeni, na hapo nimeshapunguza kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Naitrojeni ndiyo inayotafutwa kwenye mfuko wa mbolea, na bila hiyo hakuna protini. Mkulima anahesabu faranga zake dukani kununua kitu kinachoelea juu ya paa lake.

Tatizo ni kwamba atomu za naitrojeni hewani zimeshikana mbili mbili, na kuziachanisha ni kazi. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch ndio waliotoa njia ya viwandani, na kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1913. Hadi leo njia hiyo hutaka joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa tunayovuta. Rizobia anazitenganisha kwenye udongo wa ubaridi wa Gitega, kimyakimya, na mshahara wake ni sukari.

Niseme ukweli, ingawa wapenzi wa maharage hawataufurahia: kati ya jamii za kunde, maharage ni mvivu. Soya na karanga humshinda kwa kukusanya naitrojeni. Udongo wenye tindikali, ambao umejaa kwenye nyanda za juu za Burundi, humzidishia uvivu kwa kuwadhoofisha bakteria wenyewe. Chokaa shambani husaidia. Yupo pia rizobia mmoja mgumu, aliyepewa jina la Rhizobium tropici mwaka 1991, anayestahimili tindikali na joto kuliko ndugu zake.

Hodi! Karibu! Na wasiofanya kazi wabanwe

Rizobia haingii mzizini kama mwizi. Mzizi wa maharage humwaga kemikali udongoni, bakteria anayeitambua hujibu kwa kemikali yake, na unywele wa mzizi ukipata jibu sahihi hujikunja na kumkumbatia. Jibu likiwa na kasoro, mlango haufunguki. Mwenye kuelewana na soya aweza kukataliwa na maharage.

Na mwenyeji ana macho. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliizungushia mizizi ya soya hewa isiyo na naitrojeni, ili rizobia wasiweze kutoa chochote. Mimea ikawapunguzia oksijeni, na wale bakteria wakazaana nusu tu ya wenzao waliokuwa wakifanya kazi. Mmea hauna ubongo wala kikao cha wazee, na bado umejua nani anakula bure.

Kitabu kinene, kitabu chembamba

Sokwe ana herufi zipatazo bilioni 3 za urithi wa DNA, zilizochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Rhizobium etli, rafiki mkubwa wa maharage, ana milioni 6.5 hivi, na waliozisoma zote, mwaka 2006, walikuwa wanasayansi wa Mexico, nchi ambayo maharage ni yake tangu kale. Kwa unene wa kitabu, sokwe anamzidi bakteria zaidi ya mara 400. Kwa idadi ya jeni hasa, mambo yanabadilika: sokwe ana kama 20,000, rizobia kama 6,000. Mara tatu tu! Kiumbe ambaye 500 wa aina yake wakijipanga mstari mmoja hufikia milimita moja hivi, ana theluthi ya jeni za mnyama wa kilo 40 anayetumia zana.

Ajabu nyingine. Ukilinganisha herufi moja moja, wewe na sokwe mnatofautiana kwa asilimia 1 na kidogo. Rizobia wawili wa jamii moja, wenye jina moja la kitaalamu, waweza kutofautiana kwa zaidi ya jeni moja katika kila kumi. Majirani wa kinundu kimoja na kingine hawafanani jinsi wewe unavyofanana na sokwe.

Jamaa aliyehamia ndani

Hapa ndipo kichwa cha habari kinapolipa deni lake. Ndani ya seli za sokwe, kama ndani ya zako, mna vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Vijumba hivyo vilikuwa bakteria. Zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita bakteria mmoja alimezwa na seli nyingine, hakusagwa, akahamia humo moja kwa moja. Mmarekani Lynn Margulis alipoitetea hoja hii katika makala ya mwaka 1967, wengi walimwona anaota. Leo imo kwenye vitabu vya shule.

Bakteria aliyemezwa alikuwa wa ukoo gani? Wataalamu wanaelekeza kidole kwenye ukoo mkubwa wa alfaproteobakteria au jirani yake wa karibu sana. Na rizobia ni mtoto wa ukoo huohuo. Kwa hiyo sokwe anaporuka kutoka tawi hadi tawi, nguvu ya mruko huo inatoka kwa jamaa wa mbali wa bakteria anayelisha maharage ya Mutoyi.

Mitokondria bado zina DNA yao wenyewe, na mtoto huirithi kwa mama peke yake. Jambo hilo limewafaa sana watafiti wa sokwe: wakiokota kinyesi msituni, bila kumgusa mnyama wala kumtisha, wanaweza kusoma humo ukoo wa upande wa mama.

Dawa chungu, kisha udongo

Sokwe wa Kibale, Uganda, hula udongo mwekundu karibu na wakati wanapokula majani ya mti uitwao Trichilia rubescens. Mwaka 2008 watafiti kutoka Ufaransa walichanganya udongo na majani hayo maabarani, wakayasaga kwa namna ya kuiga tumbo. Mchanganyiko ulionyesha nguvu dhidi ya vimelea vya malaria ambayo majani peke yake hayakuionyesha. Tena udongo wenyewe ulifanana na ule ambao waganga wa kijiji cha jirani huwapa watu wanaoharisha. Nani alijifunza kwa nani, sokwe hasemi.

Kisa kinachopendeza zaidi ni cha Mahale, Tanzania, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1987. Sokwe jike aliyeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa, mlegevu, analala mchana. Akachuna tawi la mti ambao Warundi huuita umubirizi, mchungu kupita kiasi, akamenya ganda na kufyonza maji ya ndani. Waliokuwa wakimtazama ni Michael Huffman, mtafiti, na Mohamedi Seifu Kalunde, mhifadhi na mjuzi wa dawa za asili za Watongwe. Mzee Mohamedi akamweleza mwenzake kwamba hiyo ni dawa, na kwamba kwao nao huitumia kwa tumbo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Sehemu nzima ya elimu ya wanyama kujitibu imestawi kutokana na tukio hilo, na mlangoni mwake alisimama mtu aliyesomeshwa na wazee wake.

Elimu ya mama, elimu ya jirani

Sokwe wa Mahale wakichambuana manyoya huinua mkono mmoja juu na kushikana viganja. Sokwe wa Gombe, ziwa lilelile, nchi ileile, hawana mtindo huo. Mwaka 1999 watafiti wa vituo mbalimbali vya Afrika waliunganisha kumbukumbu zao na kuorodhesha tabia 39 za namna hii, ambazo sokwe wa mahali fulani wanazo na wa kwingine hawana. Mtoto hujifunza kwa kumkodolea macho mama yake miaka na miaka. Kundi likiisha, mtindo wake umekwisha nalo.

Bakteria hana subira hiyo. Huko New Zealand mashamba yalipandwa malisho ya jamii ya kunde pamoja na aina moja tu ya rizobia walioletwa kwa ajili yake. Baada ya miaka saba, watafiti walikuta vinunduni bakteria wengine kabisa, wenyeji wa udongo ule, ambao mwanzoni hawakujua lolote kuhusu kuishi mzizini. Walikuwa wamekabidhiwa na wageni fungu zima la jeni za kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Ufundi mzima kutoka kwa jirani, bila kukaa darasani hata siku moja!

Kiazi kitamu kilitangulia maabara

Kila kiazi kitamu ulichokula Gitega kinabeba jeni za bakteria wa udongoni. Mwaka 2015 wanasayansi walipima aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote, bila kuacha hata moja, zilikuwa na vipande vya DNA ya Agrobacterium, ndugu wa karibu wa rizobia. Bakteria huyo ana kawaida ya kuingiza jeni zake ndani ya mimea, na maelfu ya miaka iliyopita alifanikiwa kwa mzee wa viazi vyote. Wanaobishana kuhusu mazao yaliyobadilishwa jeni waendelee kubishana, ila wajue kilichomo sahanini.

Harufu ya mvua ya Septemba

Harufu ile ya udongo mkavu ukipata mvua ya kwanza hutoka zaidi kwa bakteria waitwao streptomaisesi. Kemikali yake inaitwa jiosmini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa ni chembe chache katika matrilioni. Mwaka 2020 ilionekana kwamba harufu hiyo huwavuta wadudu wadogo warukao wa udongoni, ambao hula bakteria hao na kusambaza mbegu zao. Kwa bakteria wa ukoo huu tulipata pia streptomaisini, mwaka 1943, dawa ya kwanza itokanayo na viumbe hai iliyoweza kutibu kifua kikuu.

Orodha isiyo na jina lake

Sokwe yumo katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, na mkataba wa kimataifa wa CITES umepiga marufuku kumfanyia biashara. Bakteria hata mmoja hamo. Kijiko cha chai cha udongo hai chaweza kuwa na bakteria mamia ya milioni, na sokwe wa dunia nzima hawafiki nusu milioni, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Kibira inafika Muyinga kwa maji

Msitu wa Kibira, uliokuwa uwanja wa mawindo wa wafalme wa Burundi na ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980, una kilomita za mraba 400 hivi. Umeungana na Nyungwe ya Rwanda, hivyo sokwe hawahitaji pasipoti. Mto Ruvubu huanzia upande huo wa Kayanza, huteremka kuelekea Gitega, kisha hupinda kaskazini-mashariki na kupita Muyinga, ambayo sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, kabla ya kwenda kuchangia Kagera na hatimaye Nile. Sokwe hula matunda na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Miti hushika mvua. Mkulima wa bondeni Muyinga hajawahi kumwona sokwe, ila maji anayochota huenda yalipita chini ya kiota chake.

Nani mgeni, nani mwenyeji?

Maharage ni mgeni Burundi. Asili yake ni Amerika, na yalivuka bahari kuja Afrika na Wareno yapata miaka 500 iliyopita. Rhizobium etli hukaa pia juu ya ganda la mbegu, na wanasayansi wanaamini kwamba wapo waliosafiri hivyo, abiria wasio na tiketi. Siku hizi wenzao husafiri kwa heshima zaidi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kituo cha rizobia tangu mwaka 1977, na bakteria waliotunzwa hapo hufungwa kwenye pakiti za Biofix ndani ya tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Mkulima huzipaka mbegu tope hilo, anapanda, basi.

Sokwe, aliye mwenyeji, ndiye aliyelazimika kuhama. Vita vilipoanza Burundi mwaka 1993, sokwe yatima watatu waliokuwa wakitunzwa Bujumbura walihamishiwa Kenya, kwenye makao mapya ya Sweetwaters huko Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Mwaka 1995 wakafuatwa na wengine kutoka makao ya taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall mjini Bujumbura. Kenya haina sokwe wa porini, na kila mtu alidhani haijawahi kuwa nao. Kisha, mwaka 2005, watafiti wakatangaza meno machache waliyoyapata karibu na Ziwa Baringo, yenye umri wa miaka 545,000. Yalikuwa ya sokwe, mabaki yake ya kale ya kwanza kutambuliwa popote duniani.